Mjadala: Vichekesho vya zamani vya Hollywood vinavyodhalilisha weusi, vikatwe au vionyeshwe vizima?

Mleta mada: Wakuu, vichekesho vya watoto vya Our Gang, alivyoanzisha mtayarishaji filamu Hal Roach mwaka 1922, vilirudi kwenye televisheni za Marekani mwaka 1955 kwa jina The Little Rascals. Mwaka 1971 wasambazaji wakavipitishia mkasi: vipande vikanyofolewa, filamu kadhaa zikaondolewa kabisa, sababu ikiwa mizaha inayowadhalilisha weusi. Wengi wanaona ilikuwa sahihi. Mimi napinga kwa nguvu zote.

Tazameni kilichotupwa. Mojawapo ni Little Daddy ya 1931. Humo Farina, yaani Allen Hoskins, anamlea peke yake mdogo wake Stymie, halafu mtu wa kituo cha yatima anakuja kumchukua mtoto. Watoto wawili weusi ndio wenye hadithi, wale wazungu ni marafiki wanaokuja kuaga. Hollywood ya miaka ile, nitajieni filamu ngapi za namna hiyo. Hoskins alicheza filamu 105 za Our Gang, na hii ndiyo ilionekana haifai?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, unamtetea mwigizaji, unamsahau mtazamaji. Farina huyohuyo alivishwa matambara na kufungwa vibutu vya nywele hadi watu wakabishana kama ni wa kiume au wa kike. Mizaha ya tikiti maji je, ile dhihaka ya Kimarekani kwamba weusi ni walafi wa tunda hilo? Na si Roach peke yake. Katika filamu ya College ya 1927, mchekeshaji mzungu Buster Keaton anajipaka rangi nyeusi apate kazi ya uhudumu iliyotangazwa kwa weusi, na ukumbi mzima unatakiwa ucheke. Mtoto wa miaka 6 akitazama hasomi historia. Anajifunza nani wa kuchekwa.

Mleta mada: Tikiti maji siitetei hata kidogo, inauma kuitazama. Ila kumbuka mwaka 1947 Lloyd Binford, mkaguzi wa filamu wa Memphis, mji wa kusini mwa Marekani, aliipiga marufuku filamu ya Curley ya Roach kwa sababu watoto weusi walionekana darasa moja na weupe. Wabaguzi walijua kabisa kipi kinawatisha: watoto hao kukaa pamoja. Nasi tukikata ovyo tunaondoa hichohicho.

Mchangiaji wa pili: Wote mnajadili picha tu. Kalamu ilikuwa mikononi mwa nani? Ndugu wawili weusi, Noble na George Johnson, walianzisha Lincoln Motion Picture Company mwaka 1916. Filamu zao hazikuwa na vikaragosi vya kujipaka masizi. Zilionyeshwa hasa kwa watazamaji weusi, na mapema miaka ya 1920 kampuni ikafa. Roach alikuwa na studio na wasambazaji, wao hawakuwa navyo. Hapo ndipo pa kuanzia mjadala.

Mleta mada: Nakubaliana nawe kabisa, lakini mkasi wa 1971 haukumrudishia Johnson yeyote mtaji. Msimamo wangu ni huu: zionyeshwe nzima, saa za watu wazima, na kabla ya filamu azungumze mtu mweusi anayeijua historia hiyo. Watoto wale walilipwa mshahara wa studio tu. Marudio ya televisheni yalipowaingizia wengine fedha kwa miaka mingi, wao hawakupata kitu. Jina lao na kazi yao kwenye kioo ndivyo vilivyobaki, nanyi mnataka navyo viondolewe?