Gripe imenishika na tumbo limeshashuka: nifanye nini kabla uchungu haujaanza?

Mama_wa_Buholo

Wamama wenzangu, habari za jioni. Niko Bukavu, Kadutu, upande wa Buholo. Mimba ya pili, wiki ya 38 kwa fishi yangu ya CPN (kliniki ya wajawazito). Tumbo limeshashuka na mkunga amesema kichwa cha mtoto kiko chini, kwa hiyo ni siku yoyote. Sasa ndipo gripe imeona nafasi. Kiangazi cha hapa mnakijua: mchana kutwa vumbi jekundu, usiku baridi. Mimi nauza vitenge Nyawera, kila nikikung'uta kitambaa ni chafya.

Homa sina. Pua zimeziba zote mbili, koo linawasha, na kuna kikohozi kikavu kinachosubiri nilale ndipo kianze. Nikikohoa tumbo linakaza na mkojo kidogo unanitoka, mnisamehe kwa kusema wazi. Usiku nakaa kitandani macho wazi kama mlinzi wa duka.

Nyumbani kila mtu amekuwa muganga. Mama mkwe anataka nijifukize majani ya mkaratusi chini ya blanketi, tena ameingiza mbabula ya makala (jiko la makaa) chumbani eti nipate joto. Mume wangu ameleta kutoka farmasi pakiti ya vidonge vya mchanganyiko, muuzaji kamwambia hivyo ndivyo vya gripe, hata mjamzito anakunywa. Jirani naye kaja na kapsuli nne za amoxicilline zilizombakia. Mimi mpaka sasa nimegusa chai ya tangawizi tu.

Ninachoogopa si gripe. Naogopa uchungu unikute hivi. Mtoto wa kwanza nilisukuma hadi sauti ikakauka, na pua zilikuwa wazi! Safari hii nitasukuma kwa pumzi gani? Na akizaliwa nitamnyonyeshaje huku napiga chafya?

Mariam_Goma

Pole sana dada. Mimi ilinishika hivyo hivyo kwa mtoto wangu wa tatu, hapa Goma, na vumbi letu la volkano si dogo. Kilichonipa usingizi ni mito: nilipanga mgongoni nikalala nusu nimekaa, nimeegemea upande wa kushoto. Kwa kikohozi, kijiko cha asali na ndimu kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kulala. Ukikohoa, kumbatia mto tumboni, yale maumivu yanayovuta pembeni yatatulia.

Ila hiyo mbabula itoe leo. Usingoje kesho. Ukifunga dirisha na makala yanawaka ndani, mnaweza kulala wote msiamke.

Baba_Mapacha_Bagira

Mke wangu alikuwa na hali hiyo mwezi wa nane wa mimba iliyopita. Paracetamol haikumsaidia kitu, akanywa ibuprofene, kesho yake yuko sokoni. Mwambie mumeo atafute hiyo.

Mkunga_Mstaafu

Mwanangu wa Buholo, pole. Nimezalisha miaka mingi, sasa niko Nguba na wajukuu, ingawa simu ya usiku haijastaafu.

Nianze na Baba Mapacha, maana hilo haliwezi kungoja. Ibuprofene hapana, baba. Wala diclofenac, wala aspirine ya kutuliza maumivu. Kuanzia mwezi wa sita dawa za jamii hiyo zinaweza kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto, ambao unatakiwa ubaki wazi mpaka azaliwe avute hewa. Figo zake nazo zinapunguza kazi, na yale maji anamoogelea kwa sehemu kubwa ni mkojo wake. Mkeo alitoka salama, tumshukuru Mungu, lakini ushauri huo usimpe mwingine.

Kidonge cha mama mzito ni paracetamol. Ile ya 500, kimoja au viwili, ukae saa sita kabla ya kurudia, visizidi sita kwa siku nzima, na ukipata nafuu uache. Ndiyo maana pakiti ya mumeo inanitia wasiwasi. Vidonge vingi vya gripe vina paracetamol ndani tayari. Ukiongeza nyingine juu yake umekunywa mara mbili bila kujua. Tena vina kafeini, na mara nyingi dawa ya kufungua pua kama pseudoéphédrine au phényléphrine. Hizo zinafungua pua kwa kubana mishipa ya damu, na hazijui kubana puani peke yake: tansyo (presha ya damu) inaweza kupanda. Soma yale maandishi madogo nyuma. Kama vidonge vimefungwa kwenye karatasi isiyo na jina, basi hakuna cha kusoma na hakuna cha kunywa. Kapsuli za jirani mrudishie kwa heshima. Gripe ni virusi, amoxicilline haiviwezi, na kapsuli nne hazitoshi hata kwa ugonjwa unaoitaka.

Pua yako tuiambie ukweli: sehemu ya kuziba huko si gripe. Homoni za mimba zinavimbisha ngozi ya ndani ya pua, ndiyo maana wamama wengi miezi ya mwisho wanakoroma hadi waume wanahamia sebuleni. Hiyo itaisha ukishazaa. Kwa sasa tumia maji ya chumvi: nusu lita ya maji uliyoyachemsha yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa. Inamisha kichwa juu ya beseni, mimina polepole tundu moja, yatoke upande wa pili, kisha penga taratibu. Fanya asubuhi, na kabla ya kulala. Kila siku chemsha mapya.

Mama mkwe usimvunje moyo, mvuke haudhuru ukifanywa kwa akili. Beseni likae juu ya meza, lisikae mapajani, na blanketi liache, taulo jepesi linatosha. Dakika chache tu. Nimeona mapaja yaliyoungua na mama anaingia leba akilia kwa maumivu mawili. Mkaratusi, jani moja au mawili kwa harufu, lakini usiunywe. Kuhusu makala Mariam amesema vizuri, nami naongeza kwamba ile hewa mbaya haina harufu, inachukua nafasi ya oksijeni katika damu, na mtoto aliye tumboni huumia kuliko mama yake. Vaa soksi na sweta.

Sasa nisikilize hapa kuliko kote. Si kila kichwa kinachouma wiki ya 38 ni gripe. Kama paracetamol haikitulizi, au macho yanaona ukungu na vimulimuli, au uso na mikono vimevimba ghafla, au panauma chini ya mbavu upande wa kulia, nenda upimwe tansyo na mkojo saa hiyo hiyo. Nimewapokea wamama waliokuwa nyumbani wananywa tangawizi kumbe ni tansyo ya mimba, wengine wanafika wameshaanza kutetemeka mwili mzima. Na joto likifika 38, usiseme tena gripe mpaka umepimwa malaria. Watu wanajidanganya kwamba Bukavu ni milimani hakuna mbu. Tone la damu kidoleni, jibu unalo muda si mrefu. Kifua kuuma, kuhema ukiwa umekaa tu, mtoto kupunguza kucheza, damu: hayo hayangoji asubuhi. Motari (dereva wa pikipiki) wa usiku siku hizi ni wa kubahatisha, kwa hiyo ongea na mmoja unayemjua, mpe na namba ya mumeo.

Pumzi ya kusukuma? Mwanangu, hakuna anayesukuma kwa pua. Utahema kwa mdomo kama wenzako wote, ila koo litakauka haraka, kwa hiyo uwe na mtu wa kukupa maji kidogo kidogo. Nimewaona wengi wanaoingia wamekabwa na pua, uchungu ukikolea pua zinafunguka zenyewe, mwili ukifanya kazi ngumu hufanya hivyo. Ukifika tu maternite sema una gripe, uvae maski. Kunyonyesha usiache hata siku moja. Kinga unayoitengeneza sasa inamfikia kwa maziwa. Osha mikono, vaa maski ukimnyonyesha, na wageni wenye makamasi wamwone wakipona.

Mama_wa_Buholo

Aksanti sana mama. Nimekwenda kupimwa, tansyo 11 juu ya 7 (yaani 110/70), mkojo safi, malaria hakuna. Mbabula iko uani na mama mkwe amenuna kidogo. Maji ya chumvi yamenichekesha mara ya kwanza, yalitokea mdomoni, lakini usiku nimepata usingizi wa kweli.

Mawili yamebaki. Hili la mkojo ninapokohoa: nitajuaje kama siku moja si mkojo bali chupa imepasuka? Na mama mkwe sasa anasema kuna majani anayoyajua, nikinywa uchungu unakuja haraka na gripe inatokea huko huko.

Mkunga_Mstaafu

Nenda msalani kibofu kiishe, vaa kitambaa safi kikavu, tembea kidogo bila kukohoa. Mkojo unatoka na kikohozi, unaacha, na harufu yake unaijua. Maji ya mtoto hayangoji ukohoe, yanaendelea kuchuruzika, na harufu si ya mkojo. Ukibaki na shaka, nenda wakuangalie. Yakiwa ya kijani au kahawia, usibishane na mtu, panda pikipiki uende.

Majani hapana. Dawa za majani za kuharakisha uchungu hakuna anayejua kipimo chake; tumbo linaweza kukaza bila kupumzika, mtoto akakosa hewa, na hata mfuko wa uzazi ukapasuka. Gripe haitoki kwa njia hiyo. Mwambie mama mkwe kazi yake ni mchuzi wa sambaza (dagaa wa ziwani) wenye ndimu, maana mgonjwa wa gripe anasahau kula, na leba inataka nguvu.

Kikohozi kikipita wiki mbili, rudi wakupime makohozi, hata kama umeshazaa.

Mariam_Goma

Na ile baume ya kopo dogo, ya kijani, ambayo bibi zetu wanapaka kila mahali: wewe kifuani sawa, ila mtoto akizaliwa asipakwe, hata kidogo chini ya pua. Kamfa inaweza kumbana pumzi mtoto mchanga. Akiziba pua, matone mawili ya maji ya chumvi kabla ya kunyonya. Na asali ni yako peke yako mpaka afikishe mwaka.

Baba_Mapacha_Bagira

Mama mkunga, nimesikia. Ibuprofene iliyobaki nyumbani nitaificha kwa kabati la juu. Swali dogo: mke wangu yuko mwezi wa tano sasa, anaumwa meno. Hiyo nayo ni paracetamol?

Mkunga_Mstaafu

Paracetamol, na mpeleke kwa daktari wa meno asingoje azae. Amwambie mapema kwamba ana mimba.