UKOO WA MUHEZA: maji ya ba'mdogo

Shangazi: Asalam aleykum wanangu. Ndo tumetoka hospitali. Baba yenu mdogo katolewa maji tumboni lita 6. Yana rangi ya chai kavu, yaani dumu la mafuta lisingetosha. Mkanda umerudi tundu la zamani.

Tano: Shikamoo shangazi. Wanasema nini?

Shangazi: Marahaba. Ini limesinyaa, wanaita sirosisi. Mie nikasikia saratani, nikalia pale pale.

Tano: Ba'mdogo hata bia haijui harufu! Wampime upya.

Da Mwana: Tano, si pombe peke yake inayosinyaza ini. Amekutwa na homa ya ini B, huenda anayo tangu uchanga. Mkubwa akiipata, mara nyingi mwili unaifukuza. Kichanga akiipata, 9 kati ya 10 hubaki nayo. Inalitafuna ini miaka na miaka bila maumivu, kila panapojeruhiwa panaota kovu. Makovu yakijaa ini linakuwa gumu, damu haipenyi, ndo maji yanavujia tumboni.

Salim: Na ule usiku alipokuwa akiongea na marehemu bibi? Mimi nilishamtafuta mganga 🙈

Da Mwana: Zile ni sumu, ini limeshindwa kuzisafisha zikapanda kichwani. Ile dawa tamu ya kunywa, kazi yake ni kuzitoa kwa choo. Apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku.

Shangazi: Yallah, mie nimeificha kabatini! Nikajua inamwendesha.

Da Mwana: Itoe leo hii shangazi. Na chumvi, siku nzima isifike kijiko cha chai.

Shangazi: Na papa mkavu?

Da Mwana: Hasa huyo! Salim, mizizi yako pia ikae kwako. Na vidonge vya diklofenaki vya maumivu ya goti asimeze tena. Akitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, msisubiri asubuhi.

Tano: Tumtengee sahani?

Da Mwana: Haambukizi kwa sahani. Wembe na mswaki ndo kila mtu na wake. Ila sisi wote tukapime. Chanjo ya homa hii vichanga wa Tanzania walianza kuipata 2002, hapa kwenye kikundi nani kazaliwa baada ya hapo?

Salim: Zuhura tu 😅

Da Mwana: Basi Jumatatu. Asiye nayo anachanjwa, sindano 3 ndani ya miezi 6.

Shangazi: Tutakuja wote. Sasa papa nampa nani, kashalowekwa?

Tano: Napita hapo sasa hivi shangazi.