5D Mark III ya mtumba au Canon RP? Nanunua wiki hii

Kijana wa Chanika: Wakuu habari za jioni. Nimebakiwa na kamera mbili za kuchagua, Canon 5D Mark III na Canon RP, zote zimetumika. Nichukue ipi? Jibuni mapema, hela ninayo mkononi na mnajua hela ikikaa mkononi inavyofanya.

Mzee wa Fremu: Unapiga nini? Bajeti? Lenzi unazo? Umekuja kama mtu anayeingia duka la dawa na kusema "nipe ya maumivu".

Kijana wa Chanika: Samahani mkuu. Harusi, sendofu, kipaimara, na video kidogo za YouTube. Milioni 2 na nusu pamoja na lenzi. Sina hata moja.

Lenzi50: RP, usijiulize mara mbili. Ya 2019, megapikseli 26, sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) ukubwa uleule wa 5D, na ikiwa na betri haifiki hata gramu 500. Inakamata jicho la bibi harusi yenyewe, wewe unabofya tu. Hiyo nyingine ni ya 2012 jamani. 2012!

Mzee wa Fremu: Na betri? RP kwa makadirio ya kiwanda ni picha 250 kwa chaji moja, 5D ni 950. Shughuli zetu zinaanza saluni saa nne asubuhi, MC anaaga saa sita usiku. Halafu RP ina nafasi ya kadi moja tu ya kuhifadhia picha. 5D inaingiza mbili za aina tofauti, CF na SD, picha inaandikwa kote kwa mpigo.

Lenzi50: Betri zinanunuliwa mzee. Shingo hainunuliwi.

Binti wa Tegeta: Hapo kwenye kadi naomba niseme, maana yalinikuta. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua kadi ya GB 64 kwa kijana mmoja barazani, bei ya chai. Kwenye kamera inasoma 64 vizuri kabisa. Kanisani nikapiga, pete, viapo, wazazi, yote safi. Ukumbini nikapiga keki, zawadi, kina mama na vitenge vyao wakiingia kwa kucheza. Kila nikiangalia nyuma ya kamera naona kijipicha kipo. Nafika nyumbani, nafungua kompyuta: za kanisani zipo, kuanzia mlango wa ukumbi kwenda mbele nusu ya picha ni kijivu kitupu, nyingine hazifunguki. Kumbe kadi ilikuwa ya GB 8 iliyodanganywa ionekane 64. Ikijaa inaendelea kujifanya inapokea. Mama wa bibi harusi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hata ile niliyocheza na baba yake haipo?" Nililia mimi, si yeye. Siku hizi kadi mpya naijaza mpaka pomoni kwa programu ya H2testw, nasubiri isome yote tena, ndiyo natoka nayo.

Mzee wa Fremu: Umeona Lenzi50? Kadi mbili.

Lenzi50: Angenunua kadi mbili kwa kijana yuleyule ingesaidia nini?

Chuma Chakavu: Mnateseka bure. Simu za sasa zinapiga mpaka mwezi.

Binti wa Tegeta: Mwezi upi, ule wa Samsung? Machi 2023 mtu alipiga picha ya mwezi iliyofifishwa makusudi kwenye kioo cha kompyuta, simu ikamtolea mashimo ambayo hayakuwemo. Kesho itamchorea bwana harusi meno.

Chuma Chakavu: Kuna mabwana harusi wangeshukuru.

Bi Kisauni: Hamjambo nyote. Mie niko Mombasa, napiga shughuli za kina mama, kupamba bibi harusi hasa. Kwetu simu zaachwa mlangoni, mpiga picha ni mwanamke, na aniitaye hataki picha ionekane popote. Basi huyo kijana awaulize wateja wake kwanza picha zitakaa wapi. Kamera baadaye.

Lenzi50: Si anapandisha kwenye wingu la mtandaoni tu dada.

Mzee wa Fremu: Wingu! Intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, nilikuwa na albamu nzima ya watu huko juu, nisiweze hata kuifungua. Maharusi wanapiga simu, nawaambia nini? Toka siku hiyo kila kazi iko kwenye diski mbili, moja kwangu, moja kwa dada yangu Kibaha.

Chuma Chakavu: Na X (ile Twitter ya zamani) ilifungwa Mei mwaka huohuo, halafu tunahimizwa vijana wajiajiri kidijitali. Kijana, hiyo YouTube yako, kanuni za maudhui ya mtandaoni umezisoma? Maana leseni nazo zina bei yake.

Lenzi50: Leseni ni kwa wanaotoa habari, si kipaimara.

Chuma Chakavu: Mbunge akija kwenye kipaimara je?

Msimamizi: Wakuu, mada ni kamera. Siasa ina jukwaa lake.

Lenzi50: Haya. Video: RP ina 4K, ule ubora wa juu, 5D haina.

Mzee wa Fremu: Malizia basi. Ukiwasha 4K kwenye RP inakata kingo za fremu mara 1.6, na ile fokasi nzuri unayoisifia haifanyi kazi humo. Utarudi 1080, ubora wa chini yake, kama sisi wazee.

Lenzi50: Lakini kwenye 1080 yangu fokasi inamfuata mtu. Yako unazungusha kwa mkono ukiomba Mungu.

Bi Kisauni: Kijana, waendapo kuinunua ichukue uipige palepale, ufungue picha kwa kompyuta. Na hela nyingi zaidi weka kwa lenzi, ya Canon aina ya EF, 50 au 85, itaingia zote mbili. Kwa RP waongeza adapta tu ya kuiunganisha.

Kijana wa Chanika: Asanteni wakuu, nimewasoma. Nipo Kariakoo sasa hivi, mwenye RP kaiuza asubuhi. Ila kuna jamaa hapa ana Nikon D750 na lenzi mbili, anasema anipe bei ya mwisho nikilipa leo. Nayo ikoje?

Mzee wa Fremu: Lenzi zipi?