Nyama mbichi kwa mbwa wadogo: mnaolisha nyumbani, tupeane uzoefu

mama_wa_lanet
Wadau habari zenu. Niko na Maltese hapa Lanet, kilo nne hivi, anakula mbichi na imemkubali, nywele zinang'aa na choo yake ni kidogo, ngumu, haina ile harufu. Lakini mbwa mdogo si kama yule wa kulinda boma, chakula ikienda mrama unaona haraka, ndio nataka kila mtu aseme venye anafanya. Mimi nahesabu asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kwa siku, anapata kama gramu 100, haizidi 120, nagawa asubuhi na jioni. Kwa sehemu kumi, nane ni steki, moyo na firigisi, moja mfupa laini, na hiyo imebaki nusu maini nusu figo. Maini siongezi hata akililia, vitamini A ikizidi inamdhuru. Shingo ya kuku simpi nzima, naikatakata na kisu kizito mpaka vipande viwe kama njugu, juu hawa wadogo wanameza bila kutafuna na koo ni jembamba.

kibuye_asubuhi
Asante dada. Huku Kisumu adui ni joto na stima. Naenda bucha ikifungua tu, nikifika nyumbani nafunga mlo mmoja mmoja kwa friza. Stima ikipotea na nikute nyama imelegea lakini bado ni baridi, naipika saa hiyo hiyo, ikishapata joto natupa. Na msidanganyike, friza haiui salmonela, vile vijidudu vya kuharisha, inavilaza tu. Mbwa anaweza kuwa navyo na asionyeshe chochote halafu alambe mtoto mdomo. Mtoto wa dadangu anayetambaa akija kukaa, mbwa wangu anakula ya kupikwa mpaka wageni waende.

mkaguzi_kakamega
Nimekagua nyama machinjioni miaka mingi, wacha niongee kuhusu maini na mapafu. Ukipasua pafu la kondoo ama ini la mbuzi mara nyingine unakuta vifuko vyeupe vimejaa maji, ukivigusa vinabonyea. Hao ni watoto wa tegu, mnyoo wa milimita chache tu anayeishi kwa utumbo wa mbwa. Mbwa akila kifuko kibichi, minyoo inakomaa ndani yake na baada ya wiki sita ama saba hivi anaanza kutoa mayai kwa choo, mayai yanashika manyoya, mtoto anamshikashika, anakula bila kunawa, na miaka ikipita anapatikana na kifuko hicho hicho kwa ini lake mwenyewe na mara nyingi ni upasuaji. Turkana ugonjwa huu umejulikana sana tangu zamani lakini mifugo inasafirishwa, msifikirie ni wa huko pekee. Kuna watu wanangoja nje ya machinjio wapewe zile zimekataliwa, eti ni za mbwa tu. Jamani hapana, nawaomba. Hizo ni za kuchomwa ama shimo refu lenye kifuniko. Nunueni yenye muhuri, na maini na mapafu chemsheni zaidi ya nusu saa hata kama nyama ingine mnatoa mbichi. Dawa ya minyoo ulizeni yenye prazikwanteli, zingine nyingi hazimgusi huyu tegu.

mama_wa_lanet
Asante sana daktari. Maini kuanzia leo ni ya kuchemsha.

pipeline_nakuru
Jirani yangu alilea Chihuahua mdogo kwa steki tupu, nyama safi kabisa bila mfupa wowote. Miguu ya mbele ikaanza kupinda, ukimuinua analia. Daktari wa mifugo akaeleza nyama ina fosforasi mingi na kalsiamu kidogo, kwa hivyo mwili unaanza kuchota kwa mifupa. Alirudishwa kwa chakula ya duka ya watoto wa mbwa akapona, ingawa mguu mmoja bado una kipinda. Anayekua mimi singempa mbichi ya kujichanganyia kabisa. Mkubwa asiyeweza mifupa, kausha maganda ya mayai, saga yawe unga, nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya nyama.

webuye_juu
Na mifupa ya kuku iliyopikwa wekeni mbali, inapasuka na ncha kali. Mbichi inabonyea.

njoro_shambani
Mafuta pia. Schnauzer wetu mdogo alirushiwa mkia wa kondoo na wageni Krismasi, usiku akaanza kutapika, akawa ameinamisha kifua chini na matako juu, halali hivyo wala hasimami. Ilikuwa kongosho imevimba, akawekewa maji ya mshipa. Sai nyama yake naitoa mafuta yote na kisu kabla hata ya kuipima.

kitale_mjini
Mimi napika tu, nyama na malenge na omena kidogo. Kuna mwingine anatumia omena?

mkaguzi_kakamega
Omena ni nzuri, inaliwa na mifupa yake. Ichemshwe bila chumvi, na kitunguu ama saumu usitie hata kidogo, hizo ni sumu kwa mbwa hata zikiwa zimepikwa.