Cosmo Sport ya 1967 au RX-7 ya kwanza: ipi iliibeba rotary?

Wadau wa magari, leo tubishane hili. Kila ikitajwa injini ya rotary ya Mazda lazima atokee mtu aseme Cosmo Sport ndo baba lao, hizo RX-7 zimekuta meza imeshaandaliwa. Mimi napinga.

Haki yake tuipe kwanza. Rotary haina pistoni, kuna rota ya pembetatu inazunguka ndani na kila pembe ina sili yake ya kuzuia gesi isivuje, na hizo sili ndo ziliwatoa watu jasho kule Hiroshima, nyumbani kwa Mazda. Zilikuwa zinatetemeka zinakwaruza ukuta wa ndani hadi unabaki na michirizi, wenyewe wakaiita kucha za shetani. Mhandisi wao Kenichi Yamamoto na timu yake wakahangaika weee mpaka wakapata sili ya kaboni iliyochanganywa na alumini, ndo Cosmo ikaingia sokoni 1967, cc 982 tu lakini nguvu farasi 110. Mwaka 1968 wakapeleka mbili Nürburgring kule Ujerumani, mbio za masaa 84, moja ikaharibika ekseli karibu na mwisho, nyingine ikashika namba 4. Hapo sina ubishi.

Lakini jamani, mpaka 1972 zilitoka 1,176 tu! Hiyo gari wengi wetu tunaijua kwa picha.

Halafu 1973 mafuta yakapanda bei, na rotary inakunywa wese si mchezo, Mazda ikayumba mpaka benki ya Sumitomo ikaingilia kati. GM ya Marekani iliyokuwa inaandaa rotary yake ikaachana nayo. Sasa katikati ya hali hiyo, 1978, hawa jamaa wanakuja na RX-7, ile ya kwanza yenye kodi SA22C, injini ya rotary iitwayo 12A, ya kabureta, cc 1146, wameisukuma nyuma ya ekseli ya mbele, na gari zima ni kama tani moja, kwa hiyo kwenye kona pua haikuvuti. Taa za kufumbuka, bei ambayo Mmarekani wa kawaida anaimudu, wakauza zaidi ya laki nne mpaka 1985. Na injini inapanda laini mno, hadi wakaweka king'ora kidogo cha kukushtua mshale ukikaribia mstari mwekundu maana bila hicho unapitiliza hivi hivi.

Najua mtaniletea habari za ekseli, kwamba ya nyuma ni ya kizamani wakati Cosmo ilikuwa na De Dion, mfumo wa ekseli ya nyuma ulio mwepesi zaidi. Kweli kabisa. Mtasema inakula oil, inakula ndiyo, imeundwa hivyo, kuna pampu inapeleka oil ndani kulainisha zile sili (fundi asiyezijua rotary atakwambia injini imekwisha, ufumue).

Sasa timu Cosmo mnijibu: bila RX-7 kuuza namna ile baada ya 1973, ile 787B, gari la mbio la Mazda lenye rotary, ingeenda kushinda mbio za masaa 24 za Le Mans 1991 na injini gani?