Kumtoa kuku na vifaranga nje kwa mara ya kwanza: tupeane uzoefu

Wafugaji wa kienyeji, tuweke hapa mambo ya siku ya kwanza. Naanza na saa. Usifungue banda alfajiri. Malaika ya kifaranga (manyoya yake laini) yakilowa umande hayamkingi baridi tena, na mama hawezi kumfunika huku anatembea. Subiri nyasi zikauke, saa 4 hivi, na baada ya saa moja warudishe. Umri wiki mbili. Masika subiri hadi ya tatu au ya nne. Ukiona mmoja anajikunyata na kulia mfululizo, rudisha kundi zima.

*

Wiki mbili sawa mkuu, ila waanze na tenga siku tatu nne. Mama chini ya tenga, jiwe juu asilipindue, vifaranga wanapenya kwenye matundu na kurudi. Lisogeze kivuli kinapohama, maana mama hana pa kukimbilia jua. Kumfunga kamba mguuni hapana! Inawazonga vifaranga, na mwewe akishuka mama anaishia kurukaruka palepale.

*

Mlishe mama kabla ya kutoka. Mwenye njaa huenda mbio, na kifaranga wa mwisho anabaki mtaroni. Maji weka kwenye sahani yenye kokoto, wanywe katikati ya mawe. Bakuli la mboga linazamisha. Chakula cha vifaranga kiweke chini ya tenga tupu. Wao wanaingia, mama anabaki nje, la sivyo anakimaliza yeye. Kumi wa wiki ya pili wakadirie gramu 150 hadi 200 kwa siku.

*

Kuhusu mwewe: mama akipiga ukelele, vifaranga hutafuta pa kujificha. Uwanja uliofagiliwa ukang'aa hauna pa kujificha. Egemeza matawi makavu kila hatua tano sita. Ila nyasi ndefu kando ya ua fyeka, humo ndimo nguchiro anamojibanza. Kuwapaka vifaranga rangi ya zambarau kumzuia mwewe, mimi siitegemei.

*

Mbona chanjo hamjaitaja? Nje wanakutana na kuku wa jirani, na ugonjwa wa mdondo (kideri) hauna dawa. Chanjo yake, I-2, ni tone moja jichoni, rudia kila miezi mitatu. Wape katika wiki ya kwanza, kwa sababu chanjo ya leo haimkingi kesho. Mwili unahitaji siku kadhaa kujenga kinga. Mkague na mama kuzunguka macho na upanga wa kichwani: viroboto wakigandia, wapake vaselini wakose pumzi. Vinginevyo watahamia kwa vifaranga, na mdogo hana damu ya kutosha.

*

Na mama wawili kwa pamoja?

*

Waliototoa siku moja na kulelewa banda moja, sawa. Wakipishana wiki, mama humdonoa kichwani kifaranga asiye wake, na pigo moja latosha kumuua. Mmoja atoke saa 4, mwingine baada ya huyo kurudi.