Nasoma Biblia kila alfajiri lakini furaha sina, nifanyeje?

Mwalimu_Nyanda:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina mume na watoto watatu. Mwezi wa kwanza nilianza mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka mmoja. Naamka saa kumi na moja kasoro, nasoma sura tatu au nne kwenye simu, natia alama, kisha nawasha moto. Sijaruka hata siku moja. Sasa niko Hesabu, kwenye yale majina ya koo, na moyo umekauka. Juzi mwenzangu kazini aliniuliza, "Leo umesoma nini?" Nikakosa jibu. Iliniuma siku nzima.

Enzi za UKWATA, ule umoja wa wanafunzi Wakristo, sekondari nilikuwa na Agano Jipya dogo tu. Mstari mmoja ulinitosha wiki nzima, nauimba nikichota maji. Zaburi ya 1 inasema sheria ya BWANA ndiyo impendezayo. Mimi sasa nasoma kama mtu anayelipa deni. Nimepoa? Naombeni ushauri, hasa kwa mliopitia hali hii.

Mtende_Pwani:
Pole dada. Unalala saa ngapi? Mimi nilidhani nimepoa kiroho, kumbe ni uchovu. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, malaika alimpa mkate na maji, akalala tena (1 Wafalme 19). Nilihamishia kusoma kwangu mchana, nikapona.

Mzee_wa_Kanisa:
Mwanangu, hujapoa. Aliyepoa haumii akikosa jibu.

Biblia ina sura 1,189. Ukizigawa kwa siku 365 ndiyo unapata hizo tatu na kitu. Huo ni mwendo wa kuiona nchi kupitia dirisha la basi. Una faida, nami nimeupitia, lakini si kutafakari.

Soma Yoshua 1:8: "Kitabu hiki cha torati kisiondoke *kinywani* mwako, bali yatafakari maneno yake mchana na usiku." Kinywani! Neno la Kiebrania hapo, na kwenye Zaburi ya 1, ni *haga*: kunong'ona, kusema kwa sauti ya chini. Isaya analitumia kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake (31:4) na kwa hua anayelia (38:14). Kwa hiyo mtu wa Zaburi ya 1 hakukaa kimya akiwaza. Midomo yake inacheza, analimung'unya neno. Ndicho ulichokuwa ukifanya kisimani, ila hukujua kina jina.

Mimi jioni nachagua mstari mmoja na kuunakili kwa mkono kwenye daftari. Asubuhi nausoma kwa sauti mara kadhaa, kila mara nikikazia neno jingine: *Bwana* ndiye mchungaji wangu, Bwana ndiye mchungaji *wangu*. Nikimaliza naugeuza sala, halafu naenda nao shambani. Ng'ombe hapati nguvu za malisho mpaka acheue. Wewe unakula alfajiri, wa kucheua hayupo.

Jambo jingine. George Müller, aliyelea yatima kwa maelfu kule Bristol, Uingereza, aliandika mwaka 1841 kwamba kazi yake ya kwanza kila siku ni nafsi yake iwe na furaha katika Bwana. Zamani alianza asubuhi kwa maombi na mawazo yakamtangatanga. Alipobadili, akaanza kwa kutafakari Neno, maombi yakaja yenyewe. Nami nimeliona hilo kwangu.

Mwalimu_Nyanda:
Asante sana baba. Ila nikiacha mpango, sijavunja ahadi niliyompa Mungu?

Mzee_wa_Kanisa:
Ulimwahidi Mungu kusoma Neno lake. Huo mwaka mmoja uliwekwa na aliyetunga mpango. Maliza hata kwa miaka mitatu.

Binti_wa_Jumuiya:
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki, naongeza kidogo. Kwenye jumuiya yetu tunasoma Injili, tunakaa kimya, kisha kila mmoja anataja neno au kifungu kifupi kilichomgusa na kukirudia polepole. Hakuna kuhubiri. Kuna bibi kwetu hajui kusoma, na yeye ndiye anayebaki na neno muda mrefu kuliko sisi wenye simu. Jaribu na watoto wako.

Kijana_Kagera:
Naomba nitofautiane kidogo. Wapo tunaofanya yote hayo na furaha haiji. Nilipofiwa na mama nilikaa miezi minane kwenye Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani. Sikuimba hata siku moja. Nilichopata ni mtu wa kulia naye. Dada, asubuhi ikiwa kavu usidhani Mungu hayupo hapo.

Mwalimu_Nyanda:
Wapendwa, narudi na mrejesho baada ya wiki mbili. Kijana_Kagera, pole sana kwa mama. Maneno yako ndiyo yalinipeleka Maombolezo 3:22-23: "Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi." Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Naunakili, naunong'ona, basi. Siku ya tisa nasahihisha madaftari, neno "hatuangamii" likanishika. Nikawaza kwamba aliyeyasema haya alikuwa anaitazama Yerusalemu iliyobomolewa na Wababeli, watoto wamekufa njaa, na bado anasema *mpya*. Nikaweka kalamu chini. Machozi yalinitoka, na ilikuwa furaha, ile ile ya kisimani.

Hapa kwetu mvua imekatika, mahindi yananyauka kabla ya kubeba. Jana mume wangu ameomba achague yeye mstari wa wiki hii. Amechagua Habakuki 3:17-18, pale mashamba yasipotoa chakula. Leo tumeusema pamoja tukipalilia yaliyobaki.